Mchezo wa Meza Kando ya Majembe
Maneno ya timu ya vijijini kwenye mkutano mkuu wa chama, Bunia

 

Tumeombwa kujibu ulizo moja. Kwenye orodha ya matumizi ya mwaka huu, chini ya majembe, mbegu za maharagwe na miti ya muhogo ya kupanda, mmeona mstari unaosema: karatasi, kalamu za risasi, dadu, chai, siku za waongozaji. Wanachama wametuuliza: "Hii ni kitu gani? Watu hawana mabati juu ya nyumba, nyinyi munaleta mchezo?" Mfadhili mmoja aliuliza vilevile, kwa maneno laini zaidi. Ulizo ni la haki. Franka ya chama ni ya wote, na kila mstari lazima ujieleze.

Basi tutaeleza mchezo wenyewe, ulikotoka, kitu gani kinaufanya uwe tofauti na michezo mingine, na mwisho tunaomba nini.

Unachezwa namna gani

Watu wanne mpaka sita wanakaa kuzunguka meza. Kama hakuna meza, mkeka unatosha. Katikati tunatandika karatasi kubwa, na watu wenyewe wanachora kijiji: mto, njia ya soko, shule, kisima, mashamba. Kijiji kinapewa jina ambalo halipo popote Ituri.

Kisha kila mmoja anapewa mtu wa kubeba. Tunasema "kubeba" kwa sababu utatembea naye mpaka mwisho, na akianguka unaanguka naye. Huyu anabeba mjane aliyerudi toka Uganda na watoto watatu. Yule anabeba kijana aliyebaki kijijini wakati wengine wanakimbia. Wengine wanabeba mwalimu, shefu wa kijiji, mama mchuuzi wa samaki anayepanda toka ziwani. Karatasi ndogo ya kila mtu ina mambo matatu tu: ana nini mkononi, anaogopa nini, ana deni kwa nani. Yaliyobaki utayatafuta mwenyewe.

Mwongozaji, yaani animatere, hana mtu wake. Yeye anabeba mengine yote: mvua, bei ya soko, ugonjwa wa mbuzi, barua toka ofisi. Anaanza hivi: "Ni mwezi wa tatu, mvua imeingia. Mama, umefika na mzigo kichwani, unakuta muhogo wa mtu mwingine ndani ya shamba lako. Unafanya nini?" Mama anajibu. Kijana naye anajibu. Kama haijulikani jambo litaishaje, wanatupa dadu mbili. Saba na kupanda, mambo yanakwenda vile ulitaka. Chini ya saba, yanageuka, na mwongozaji anasema yamegeukia wapi. Kila mzunguko ni mwezi mmoja. Mwaka wa kijiji ukitimia, mchezo umekwisha.

Hakuna mshindi. Wengi wanaocheza mara ya kwanza wanauliza: "Sasa nani ameshinda?" Tunawaambia watazame karatasi: kijiji kiko namna gani sasa, na nani bado anaishi ndani yake.

Ulitoka wapi

Mchezo huu hatukuubuni sisi, na mwanzo wake ni kwa wanajeshi. Mwaka 1824, katika ufalme wa zamani wa Prussia kule Ujerumani, ofisa mmoja aliyeitwa Reiswitz alitoa mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani, wenye dadu na mtu wa katikati anayeamua. Jeshi liliutumia kufundisha maofisa. Kwa zaidi ya miaka mia moja, katika michezo ya namna hiyo, aliyehesabika ni mwenye silaha. Kijiji kilikuwa alama tu juu ya ramani.

Mwaka 1969, huko Minnesota, Marekani, David Wesely aligeuza jambo. Alitengeneza mchezo wa mji wa kubuni, Braunstein, uliokuwa katikati ya majeshi mawili. Badala ya kugawa majeshi peke yake, aliwapa wachezaji wengine watu wa mji: meya, mwenye banki, mkuu wa chuo kikuu. Kila mmoja alikuwa na shabaha yake. Mara watu wa mji wakaanza kwenda huku na huku, kupatana pembeni, kufanya mipango ambayo Wesely hakuitazamia. Yeye alidhani mchezo umeharibika. Waliocheza wakaomba urudiwe.

Mmoja wa wachezaji wale alikuwa Dave Arneson. Mwaka 1974, yeye na Gary Gygax wa Wisconsin walitoa Dungeons & Dragons, chapa ya kwanza nakala 1,000. Ndio mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, na leo unachezwa dunia nzima. Wao wanaingia mapangoni kupigana na mazimwi. Sisi tunacheza muhogo na njia ya maji. Kanuni ni ileile.

Tunasimulia haya kwa sababu mji ulio katikati ya majeshi mawili tunaujua. Ituri ilipita vita vya 1999 mpaka 2003, tena tangu Desemba 2017 moto ukarudi Djugu, watu wakavuka Ziwa Albert kwa maelfu kwenda Kyangwali, wengine wakajaa kwenye kambi hapa Bunia. Katika ripoti nyingi za miaka hiyo, vikundi vyenye silaha vina majina, na sisi wengine tuna idadi. Mchezo uliomweka mwenye shamba na mchuuzi wa samaki mezani, wakaulizwa wao, ni mchezo unaotuhusu.

Tofauti yake na mingine

Dame mnaijua, ile ya vifuniko vya chupa. Waliokaa Uganda wanaijua mweso. Ni michezo ya akili, lakini kete haina njaa na haina jirani. Ukila kete ya mwenzako, mambo yamekwisha.

Teatre ya kushirikisha watu mmeiona pia. Search for Common Ground wameitumia sana huku mashariki ya Kongo, na mizizi yake inafika kwa Augusto Boal wa Brazil, ambaye aliwatoa watazamaji kwenye viti vyao na kuwaingiza katika mchezo. Ni kazi tunayoiheshimu, na inakusanya watu wengi kwa siku moja. Lakini mtu mwenye haya hatasimama mbele ya kijiji kizima. Mjane hatasimama mbele ya wakwe zake. Mezani hakuna watazamaji. Kila aliyepo ana mtu amembeba, na hakuna aliyekaa pembeni kupima wenzake.

Tuko pia na mikutano ya kuhamasisha. Huko jibu linajulikana kabla watu hawajakaa: pendaneni, sameheaneni, rudisheni mashamba. Watu wanaitikia, wanatia sahihi kwenye karatasi ya waliohudhuria, wanapokea soda, wanarudi nyumbani na ugomvi wao mzima. Mezani hata mwongozaji hajui mambo yataishaje. Akijua, ameharibu mchezo.

Lakini kitu ambacho kwetu kinaupa mchezo huu thamani yake ni lile ulizo: "Unafanya nini?"

Fikirini maulizo ambayo mtu aliyekimbia ameulizwa. Jina lako nani? Mko wangapi? Ulitoka wapi? Ulipoteza nini? Uko na jetoni? Ameulizwa hayo kambini, mpakani, hospitalini, na sisi wafanyakazi wa mashirika tumemuuliza pia, kalamu mkononi. Yote ni maulizo juu ya mambo yaliyompata. Ni maulizo ya lazima, bila hayo hakuna orodha na bila orodha hakuna msaada. Lakini mtu anaweza kukaa miaka bila kuulizwa mara moja: wewe sasa unafanya nini? Mezani anaulizwa hilo kila mwezi wa kijiji, na wote wananyamaza wakingoja jibu lake, kwa sababu bila jibu lake mwezi hauwezi kupita.

Mwezi unapita

Jambo la pili linatokana na hilo. Katika mabaraza ya ugomvi wa mashamba, maneno yote yanakwenda nyuma: babu alipanda miti hii, mwaka ule mlikuwa wapi, nani aling'oa mpaka. Kila mtu ana haki ya kusema hayo. Ila maneno yanaweza kukaa huko nyuma mpaka jua linazama.

Mezani mwezi unapita. Mtupende au mtuchukie, mwezi wa nne unafika, na watoto wa yule mjane wanataka kula. Hapo watu wanaanza kuona kwamba ugomvi mwingi wa shamba una ugomvi wa kalenda ndani yake. Maharagwe yanakomaa kwa miezi mitatu hivi. Muhogo unataka mwaka, mingine zaidi. Ukimwambia aliyebaki atoke leo, umemwambia aache chakula cha mwaka mzima chini ya udongo. Ukimwambia aliyerudi angoje muhogo uishe, umemwambia alishe watoto kwa maneno. Tumeona wachezaji wakifika hapo wenyewe, bila mtu kuwafundisha, wakianza kugawa shamba la karatasi kwa misimu: upande huu maharagwe sasa, upande ule muhogo mpaka uvunwe.

Jambo la tatu ni dadu. Barazani mzee mwenye sauti anasema mpaka wengine wanasahau walichotaka kusema. Mezani shefu naye anatupa dadu, na dadu haijui kwamba yeye ni shefu. Tena dadu inatufundisha kitu kingine. Mbuzi wa mwalimu akifa kwa sababu dadu imekataa, hakuna mtu wa kushtaki. Mara ya kwanza wachezaji wanatafuta: nani alimpa sumu, nani ana jicho baya? Mwongozaji anaonyesha dadu tu. "Mbuzi amekufa. Unafanya nini?" Sisi tunaotoka mahali ambapo kila kifo kinatafutiwa mkosaji, zoezi hilo si dogo.

Jambo tulilolishuhudia

Hatutataja kijiji wala watu. Mwanaume mmoja aliyerudi toka ng'ambo ya ziwa alipewa kubeba kijana aliyebaki. Alikataa kwanza: "Miye siwezi kubeba mutu kama huyo, njo wao wako na shamba langu." Tulimwambia anaweza kubadilisha, hiyo ni kanuni. Akafikiri, akabaki naye.

Mwezi wa nne wa kijiji, mama aliyembeba mjane akamgeukia akamuuliza: "Baba mkwe wangu alikuwa mzee, hakuweza kukimbia. Nani alimuzika?" Ulizo hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote. Yule mwanaume alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Ni miye nilimuzika. Usiku. Kule chini ya avoka, kando ya shamba."

Mwongozaji hakutupa dadu. Kuna majibu yasiyohitaji dadu.

Baada ya mchezo, katika nusu saa ya mazungumzo, mwanaume yule alisema kwamba tangu arudi amebishana na jirani yake misimu miwili juu ya mpaka, na siku hata moja hakumuuliza ni nini kilipita hapo wakati yeye hayupo. Juma lililofuata alikwenda kumuuliza. Walichoambiana ni chao. Tunachojua ni kile walicholeta mbele ya shefu na mashahidi: upande wa juu unarudi kwake msimu huu kwa maharagwe, upande wa chini unabaki kwa jirani mpaka muhogo uvunwe, kisha unarudi. Iliandikwa, ikatiwa vidole.

Hatusemi mchezo ulimaliza ugomvi. Mpaka wa upande wa mto bado wanabishana. Lakini sasa wanabishana juu ya mpaka peke yake.

Kanuni tunazozishika

Wafadhili na wanachama wana haki ya kujua tunavyolinda watu, maana mchezo wa namna hii unaweza kuumiza.

Kwanza, hakuna kabila mezani, wala jina la kijiji cha kweli, wala jina la mtu aliye hai au aliyekufa. Pili, hakuna anayebeba mtu mwenye silaha. Vita vikiingia katika mchezo, vinaingia kama mvua inavyoingia: mwongozaji anasema "milio inasikika ng'ambo ya mto", na watu wa kijiji wanaamua wao wanafanya nini. Tatu, yeyote anaweza kuinua mkono, mchezo ukasimama, bila kuulizwa sababu. Nne, mwenye msiba mbichi hatumweki mezani. Tunamwelekeza kwa wale waliosomea kusikiliza majonzi. Tano, kila mchezo unafuatwa na nusu saa ya kumtua yule uliyembeba: unasema jina lako mwenyewe, unasema umechukua nini na umeacha nini. Sita, neno lililosemwa na mtu wa karatasi halitoki nje kumshtaki mtu wa kweli.

Kile mchezo hauwezi

Mchezo hautoi hati ya shamba. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia. Mashamba yetu mengi vijijini yanashikwa kwa desturi, bila karatasi ya ofisi. Kazi hiyo ni ya mashefu, ya ofisi za ardhi na ya mahakama, na wasaidizi wa sheria wanaendelea kutembea na wanachama huko. Mchezo hauzuii risasi. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na kuna vijiji ambavyo hata sisi hatuwezi kufika. Tena mchezo hauchukui nafasi ya jembe. Ndiyo sababu uko chini ya majembe kwenye orodha, na fedha zake ni kidogo kuliko za mbegu.

Lakini jembe bila kusikilizana tumeliona. Familia inapewa jembe na mbegu, inafika shambani, inakuta jirani amesimama kwenye mpaka na panga. Mbegu zinarudi nyumbani kuliwa. Msaada wote wa msimu umekwisha kwenye sufuria moja.

Tunaomba nini

Kwenu wanachama, tunaomba mambo mawili. La kwanza, kila kikundi cha AVEC kitoe watu wawili wa kujifunza kuongoza, na mmoja wao awe mama. Hatutafuti wasemaji hodari. Tunatafuta watu wanaojua kuuliza kisha kunyamaza. La pili ni gumu zaidi: mtusaidie kuwaita waliobaki. Chama hiki ni cha waliorudi, na tunajua kuna wanaosema mezani wakae wetu tu. Lakini meza ya waliorudi peke yao itakuwa mahali pengine pa kukubaliana sisi kwa sisi. Jirani wa shamba ndiye mwenye nusu ya maneno.

Kwenu wafadhili, tunaomba pia mawili. Msituombe kuandika ujumbe ambao mchezo lazima ufikie. Siku tutakapoandika jibu kabla ya kukaa, tutakuwa tumerudi kwenye soda na karatasi ya sahihi. Na msihesabu vichwa peke yake. Meza moja inachukua watu sita kwa nusu siku, na katika ripoti sita ni namba ndogo. Tutawaletea hesabu nyingine: mapatano mangapi yaliandikwa mbele ya shefu baada ya msimu, na mangapi bado yanashikwa baada ya mavuno. Yatakayovunjika tutayaandika pia.

Meza tatu za kwanza zitawekwa wiki inayofuata ugawaji wa mbegu. Majina ya waongozaji yaandikwe kwa katibu wa kila AVEC. Anayetaka kuona kwanza kabla ya kukubali, aje tu. Ila mezani hakuna watazamaji, kwa hiyo akija atapewa mtu wa kubeba.